Mlevi, Tembo na Sentensi: Kumbukumbu katika Matembezi ya Nasibu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana ya matembezi ya nasibu, hususan yale ambayo kila hatua hutegemea kumbukumbu ya hatua zilizotangulia. Mfano unaoshughulikiwa kwa kina ni ule wa tembo, uliotolewa mwaka 2004. Mfano huo unaelezwa kwa namna ambayo mwanafunzi wa lugha anaweza kuujaribu mwenyewe kwa sarafu mbili na kikopo. Hatimaye makala yanaurejelea utafiti wa Markov kuhusu herufi za Pushkin, na kuuliza ni kumbukumbu ya aina gani inayohitajika ili sentensi ya Kiswahili isimame kisarufi.

Utangulizi

Hisabati inapotajwa miongoni mwa wanafunzi wa fasihi, wengi hukunja nyuso. Kuna imani iliyokita mizizi kwamba fani hizi mbili hazina uhusiano, na imani nyingine, iliyo mbaya zaidi, kwamba hata kama uhusiano upo, Kiswahili hakina maneno ya kuueleza. Imani hii ya pili hurudiwa mara nyingi na watu ambao hawajawahi kujaribu. Msomaji atajionea kwamba sehemu kubwa ya mjadala unaofuata imebebwa na maneno anayoyajua tangu utotoni: hatua, sarafu, kumbukumbu, nasibu.

Neno nasibu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni fungu au sehemu aliyopangiwa mtu. Katika Kiswahili cha leo linasikika zaidi katika bahati nasibu. Matembezi ya nasibu, basi, ni mwendo ambao mwelekeo wa kila hatua huamuliwa kwa bahati. Neno matembezi linafaa kuliko mwendo au safari, kwa kuwa safari huwa na kikomo kinachokusudiwa, ilhali anayetembea tu huenda asijue atakakofikia.

Mlevi asiyekumbuka

Mnamo Julai 1905, mtaalamu wa takwimu Mwingereza, Karl Pearson, alipeleka swali katika jarida la Nature. Mtu anaanza mahali fulani, anatembea umbali fulani kwa mstari ulionyooka, kisha anageuka kuelekea upande wowote ule na kutembea tena umbali uleule, na kuendelea hivyo mara kadhaa. Je, kuna uwezekano gani wa kumkuta katika umbali fulani kutoka alikoanzia? Swali hilo halikuwa la mchezo. Pearson alikuwa akishughulikia jinsi viumbe wanavyosambaa, na mwaka uliofuata alichapisha kazi kuhusu uhamaji wa nasibu iliyohusu kusambaa kwa mbu. Lord Rayleigh alimjibu kwamba alikuwa amekwisha kulitatua tatizo la aina hiyo mwaka 1880 alipokuwa akichunguza mitetemo. Pearson akakiri, akaongeza kwa mzaha kwamba ukitaka kumtafuta mlevi aliyeachwa uwanjani, anza kumtafuta karibu na pale ulipomwacha.

Tangu hapo mlevi huyo amekuwa mhusika mashuhuri katika vitabu vya hisabati. Sura yake rahisi zaidi ni ya mtu anayetembea juu ya mstari mmoja. Kila mara hurusha sarafu, na kutegemea inavyoanguka, huenda hatua moja kulia au moja kushoto. Kwa vile kulia na kushoto hufutana, wastani wa mahali alipo hubaki pale alipoanzia, na kwa hivyo hautuelezi amesambaa kiasi gani. Wanahisabati hutumia njia nyingine: huchukua miraba ya umbali, hutafuta wastani wa miraba hiyo, kisha hutafuta kipeuo chake cha pili. Kwa mlevi wa hatua 100 jibu ni 10. Kwa mlevi wa hatua 10,000 jibu ni 100. Kila hatua zinapozidishwa mara mia, umbali huzidi mara kumi tu. Jasho jingi, maendeleo haba.

Sifa ya msingi ya mlevi huyu ni kwamba hana kumbukumbu. Ameenda kulia mara saba mfululizo? Hatua ya nane haijui hilo. Hapa ndipo mtu anayesoma fasihi ana haki ya kuuliza: je, kuna kiumbe anayeishi hivyo? Hata mlevi wa kweli hukumbuka njia ya kwao, ijapokuwa kwa shida.

Tembo asiyesahau

Mwaka 2004, wanafizikia Gunter Schütz na Steffen Trimper, waliokuwa wakifanya kazi nchini Ujerumani, walichapisha mfano wa mtembezi wa aina nyingine. Walimwita tembo, kwa sababu ya usemi wa kale kwamba mnyama huyu hasahau. Tembo wao hutembea juu ya mstari uleule wa mlevi. Tofauti ni kwamba kabla ya kupiga hatua mpya, huzirudia kumbukumbu zake zote, huchagua moja kwa bahati bila kupendelea ya jana wala ya utotoni, kisha huamua ama kuifuata ama kufanya kinyume chake. Uwezekano wa kuifuata umewekwa tangu mwanzo na haubadiliki. Makala haya yatauita uaminifu. Tembo mwenye uaminifu wa 1 hurudia daima kile alichokikumbuka. Mwenye uaminifu wa sifuri hufanya kinyume daima. Mwenye uaminifu wa nusu hukumbuka, lakini kumbukumbu haimsaidii chochote, kwani kufuata na kukaidi ni sawasawa kwake. Huyo harudi kuwa chochote ila mlevi.

Njia bora ya kumwelewa tembo huyu ni kuwa tembo. Mwanafunzi atafute kikopo, vikaratasi vidogo, na sarafu mbili za shilingi 20 za toleo la 2018, zile ambazo upande mmoja zina picha ya tembo na upande wa pili nembo ya taifa. Achore mstari na kuweka alama ya sifuri katikati. Kwa hatua ya kwanza arushe sarafu moja: tembo ni kulia, nembo ni kushoto. Aandike hatua hiyo kwenye kikaratasi na kukitumbukiza kikoponi. Kuanzia hatua ya pili, utaratibu ni huu: atikise kikopo, atoe kikaratasi kimoja bila kuchungulia, akisome na kukirudisha. Kisha arushe sarafu zote mbili. Zikianguka nembo zote mbili, apige hatua kinyume na kikaratasi. Zikianguka vinginevyo, apige hatua ile iliyoandikwa. Hatimaye aandike hatua hiyo mpya kwenye kikaratasi kipya na kukiongeza kikoponi.

Kwa kuwa nembo mbili hutokea kwa wastani mara moja katika kila mirusho minne, huyu ni tembo mwenye uaminifu wa robo tatu. Tuchukulie kwamba baada ya hatua nne kikopo kina vikaratasi vitatu vya kulia na kimoja cha kushoto. Uwezekano wa hatua ya tano kuwa ya kulia ni upi? Atatoa kikaratasi cha kulia mara tatu kati ya nne na kukitii mara tatu kati ya nne, yaani 9 kati ya 16. Au atatoa kile cha kushoto mara moja kati ya nne na kukikaidi mara moja kati ya nne, yaani 1 kati ya 16. Jumla ni 10 kati ya 16, ambayo ni 5 kati ya 8. Mwelekeo wa zamani unamvuta, lakini haumfungi.

Anayefanya zoezi hili kwa mikono yake, badala ya kulisoma tu, atagundua jambo ambalo maelezo huchelewa kulifikisha. Kikaratasi cha tano ni moja ya tano ya kumbukumbu yote. Kikaratasi cha elfu moja ni moja ya elfu. Kadiri tembo anavyozeeka, ndivyo kila tukio jipya linavyopungua uzito, na ndivyo ilivyo vigumu kwa hatua moja kugeuza mwelekeo wa kikopo. Hakuna aliyeiweka sheria hiyo. Imezaliwa na hesabu ya vikaratasi. Kikopo chenyewe kina historia. George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alichunguza chombo cha aina hiyo pamoja na Eggenberger mwaka 1923, ambapo mpira hutolewa, ukarudishwa, na mwingine wa rangi ileile ukaongezwa. Uhusiano kamili kati ya chombo cha Pólya na tembo ulionyeshwa na Baur na Bertoin mwaka 2016.

Ni vyema kutahadhari hapa. Tembo wa Schütz na Trimper si maelezo ya tembo wa mbugani. Katika Amboseli, ambako familia za tembo zimefuatiliwa tangu mwaka 1972, watafiti walionyesha mwaka 2001 kwamba familia zilizoongozwa na majike wenye umri mkubwa zaidi ziliweza kupambanua vizuri zaidi kati ya sauti za tembo waliowazoea na za wageni. Kumbukumbu ya jike mzee ina thamani kwa sababu huchagua. Tembo wa hisabati hachagui. Kwake kumbukumbu zote zina uzito mmoja, ya chemchemi iliyookoa kundi na ya kichaka kisicho na lolote. Tofauti hii itahitajika baadaye.

Mpaka wa robo tatu

Je, kumbukumbu inabadilisha nini? Kwa hatua 100, mlevi alifika umbali wa 10 kwa kipimo kilichoelezwa hapo juu. Tembo mwenye uaminifu wa sifuri, yule mkaidi, hafiki hata 6, kwani kila akielemea upande mmoja kumbukumbu zake humrudisha. Tembo wa kikopo chetu, mwenye robo tatu, hufika takriban 23. Mwenye uaminifu wa 1 hufika 100 kamili, kwa sababu hurudia hatua yake ya kwanza hadi mwisho.

Takwimu hizi zinaweza kumfanya msomaji adhani kwamba athari ya kumbukumbu huongezeka taratibu, kama maji yanayojaa mtungini. Sivyo. Kuna mpaka, na mpaka huo upo penye robo tatu hasa. Chini ya hapo, kumbukumbu humpa tembo umbali zaidi au pungufu, lakini haibadilishi namna umbali unavyokua. Tembo mwenye uaminifu wa 5 kati ya 8 baada ya hatua 10,000 hufika takriban 141, ilhali mlevi hufika 100. Amemzidi, naam, lakini ukizidisha hatua zao wote wawili mara mia nyingine, wote wawili watazidi umbali wao takriban mara kumi. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Juu ya robo tatu, ukoo wenyewe hubadilika. Kwa tembo mwenye uaminifu wa 0.9, hatua zikizidishwa mara mia, umbali huzidi karibu mara 40. Penye mpaka wenyewe hali ni ya katikati: umbali hukua kama wa mlevi pamoja na ziada ndogo inayopanda polepole mno, na ndiyo maana tembo wa kikopo chetu anahitaji uvumilivu kumtambua.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, hata hivyo, jambo zito zaidi ni lile linalohusu hatua ya kwanza. Chukua tembo wa robo tatu ambaye hatua yake ya kwanza ilikuwa ya kulia. Baada ya hatua 100, wastani wa mahali alipo ni takriban hatua 11 upande wa kulia. Mwanzo bado unaonekana. Lakini mwanzo huo unashindana na vurugu za nasibu, ambazo nazo hukua. Chini ya robo tatu, vurugu hukua haraka kuliko athari ya mwanzo, hata ikafika mahali ambapo anayemtazama tembo kutoka mbali hawezi kukisia alianza na mguu gani. Juu ya robo tatu, mambo hayo mawili hukua kwa kasi moja, na alama ya hatua ya kwanza haifutiki hata milele. Tembo wa chini ya mpaka, na wa mpakani, atarudi alikoanzia mara zisizo na idadi. Wa juu ya mpaka atafikia wakati atakapopapita mara ya mwisho, na asirudi tena.

Wahakiki wetu wana mazoea ya kusema kwamba mhusika fulani ni mateka wa historia yake, au kwamba utoto wake umemfuata hadi kaburini. Kauli hizi hutolewa kana kwamba ni jambo moja, ndiyo au siyo. Tembo anapendekeza swali jingine: historia inamvuta kwa nguvu kiasi gani, na je, nguvu hiyo inatosha kuushinda msukosuko wa matukio? Mhusika anaweza kukumbuka kila kitu na bado mwanzo wake ukafutika. Hili halina maana kwamba mhakiki achukue rula na kumpima Hamlet kwa robo tatu. Namba hiyo ni ya mstari huu na kikopo hiki, wala haina mamlaka juu ya maisha ya mtu.

Markov mbele ya Pushkin

Uhusiano wa hisabati hii na fasihi haukubuniwa na makala haya. Mnamo Januari 1913, Andrei Markov alisoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg utafiti alioufanya juu ya Eugene Onegin, kazi ya kishairi ya Aleksandr Pushkin. Alichukua herufi 20,000 za mwanzo, akaacha alama mbili za Kirusi zisizotamkwa, na akahesabu kwa mkono. Irabu zilikuwa 8,638 na konsonanti 11,362. Kwa jumla, basi, herufi yoyote ilikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 43 wa kuwa irabu. Lakini baada ya irabu, uwezekano huo ulishuka hadi asilimia 13 hivi, na baada ya konsonanti ukapanda hadi 66. Herufi inakumbuka jirani yake.

Nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na ugomvi. Pavel Nekrasov, mwanahisabati wa Moscow mwenye mwelekeo wa kidini, alikuwa ameshikilia kwamba wastani hauwezi kutulia isipokuwa matukio yawe huru, moja lisitegemee jingine. Na kwa kuwa takwimu za jamii hutulia, aliona humo ushahidi wa hiari ya binadamu. Markov aliikataa hoja hiyo, na mwaka 1906 alithibitisha kwamba hata matukio yanayotegemeana huweza kutulia. Beti za Pushkin zikawa mfano wake: herufi hazina hiari, kila moja imeshikwa mkono na iliyotangulia, na bado wastani wake umetulia.

Kiswahili kinajibu vipi kikiulizwa swali hilohilo? Tuchukue sentensi: Tembo mzee alikumbuka njia ya kisima. Ina herufi 31, irabu 15 na konsonanti 16. Irabu 14 zinafuatwa na herufi nyingine, na kati ya hizo tatu tu zinafuatwa na irabu. Baada ya konsonanti 16, irabu hufuata mara 12. Sentensi moja haithibitishi lolote, na anayetaka ushahidi na ahesabu herufi 20,000 kama Markov. Hata hivyo mwanafonolojia ataona mara moja kwamba zile mara nne ambapo konsonanti inafuatwa na konsonanti, yaani mb, mz, mb na nj, zote zinaanza na nazali. Akiamua kwamba mb na nj ni sauti moja moja, kama wengi wanavyoshikilia, itabaki mz peke yake, ambayo nayo m yake ni silabi kamili. Kabla ya kuhesabu, basi, lazima ukubali nadharia fulani ya lugha. Markov mwenyewe alikuwa amefanya uamuzi wa namna hiyo alipoziacha zile alama mbili.

Sentensi inakumbuka nini?

Mnyororo wa Markov hukumbuka hatua moja tu nyuma. Kwa irabu na konsonanti kumbukumbu hiyo fupi inaeleza mengi. Je, inatosha kwa sarufi? Tazama: Vitabu vya wanafunzi waliohamia shule ya jirani vimepotea. Kiambishi vi- cha kitenzi kinaitikia vitabu, neno la kwanza kabisa. Kati yao wamesimama wanafunzi, shule na jirani, kila mmoja akiwa na madai yake. Mtembezi mwenye kumbukumbu ya neno moja angelisikia jirani na kuandika amepotea. Mwenye kumbukumbu ya maneno mawili au matatu angeliivuta shule na kuandika imepotea. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha anaijua imepotea hiyo. Amezoea kuiwekea mstari mwekundu na kuiita uzembe, lakini kosa lenyewe lina mpangilio: mwanafunzi amepatanisha kitenzi na nomino iliyo karibu kwa sababu kumbukumbu yake ya sentensi ilikuwa fupi kuliko sentensi. Dawa yake si kukariri upya jedwali la ngeli, ambazo huenda anazijua barabara, bali ni mazoezi ya kuitafuta nomino kuu katika sentensi zinazorefushwa hatua kwa hatua.

Tembo naye angefaulu? Yeye angalau anaikumbuka vitabu. Lakini angeichagua kwa bahati, sawa na neno jingine lolote la nyuma, na kadiri sentensi inavyorefuka ndivyo uwezekano wa kuiangukia unavyopungua. Sarufi ya Kiswahili inataka kumbukumbu ambayo si fupi kama ya Markov wala sawia kama ya tembo wa kikopo. Inataka ile ya jike mzee wa Amboseli, inayojua ni kipi cha nyuma kinachohusika sasa. Programu za lugha zilizoenea kufuatia mfumo uliochapishwa mwaka 2017 hujaribu jambo la namna hiyo: hurudi nyuma kwa kila neno lililotangulia na kulipa kila moja uzito wake, na uzito huo hujifunzwa kutokana na matini. Namna zinavyoupatanisha Kiswahili ni suala ambalo mwanafunzi wa isimu anaweza kulipima mwenyewe, kwa sentensi kama ile ya vitabu, akizidisha idadi ya nomino zinazosimama katikati hadi kiambishi kianze kuteleza.